Alama Kwenye Mdomo wa Mtutu

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki ya macho mjini Moshi, mwanamume mwenye mvi na mkongojo alisogea kunipisha nikae. Alinitazama kidogo, kisha akaniita Fausta, jina langu la ubatizo ambalo siku hizi hakuna anayelitumia, kwa kuwa wote wananiita Mama Glory. Alikuwa Deogratias wa Uru. Tulizungumza habari za migomba kukauka, za watoto waliohamia Dar na Arusha, za mvua inayokuja na kuondoka inavyotaka. Aliniuliza kama bado nakereza vyuma, nikamwambia macho hayaniruhusu tena. Muuguzi alipomwita aliinuka kwa taabu, akautanguliza mguu wa kulia na kuuvuta wa kushoto nyuma yake, na mimi nikaangalia sakafu. Nilirudi nyumbani na miwani mipya na mwaka mzima wa zamani kichwani. Sijawahi kuupanga mwaka ule vizuri. Nikiusimulia kwa watu huwa naanzia mahali tofauti kila mara, na kila mara unatokea mwaka mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha ukerezaji, msichana pekee darasani kwetu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Pasua, chumba cha dirisha moja lililotazama jiko la jirani, na kazi nilikuwa nimepata kwa Mzee Surjit, singasinga aliyekuwa na karakana nyuma ya mtaa wa maduka. Watu walileta pale kila kitu cha chuma kilichovunjika: mashine za kumenyea kahawa, shafti za mashine za kusaga mahindi, pampu za mashamba ya mpunga kutoka Mabogini na Chekereni. Upande mmoja palikuwa na chumba kidogo chenye mlango wa nondo, na humo Mzee alitengeneza silaha, kwa sababu yeye peke yake mjini alikuwa na leseni ya kazi hiyo, aliyoirithi kwa baba yake. Zamani, aliniambia, zililetwa gobori na bunduki za kufukuzia nguruwe. Lakini mwaka ule ndio wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda mlimani kwa wingi. Kabla ya hapo kahawa yote ilipitia chama cha ushirika. Sasa zikaja pick-up nyekundu na nyeupe, zikiegesha kila njia panda, na kwa kuwa hao waliokuja nazo walitembea na fedha taslimu kwenye mikoba, walitembea na bastola pia. Bastola zenyewe nyingi zilikuwa kuukuu kuliko mimi.

Ninachokumbuka bila shaka yoyote ni chakula cha mchana. Ukuta wa nyuma wa karakana ndio uliokuwa ukuta wa jiko la nyumba yao, na saa sita unusu mkewe Mzee, tuliyemwita Mama Harjit, alipitisha sahani kwenye kidirisha: chapati mbili, dengu, pilipili mbichi na kikombe cha chai ya tangawizi. Nilikula nimekaa kwenye kiroba cha mchanga. Kutoka ng'ambo ya ukuta nilisikia mazungumzo yao kwa Kipunjabi, lugha ambayo siijui hata neno, ila katikati yake yalipita maneno ya Kiswahili: mashine, umeme, kesho, askofu, daktari. Nilikuwa nayaunganisha mwenyewe na kujitungia habari, na mara nyingi nilikosea. Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokuwa hata nje ya ukuta ule. Nilisikia vipande, nikavishona.

Mzee alinifundisha kazi ya silaha polepole, baada ya miezi kadhaa ya kuniangalia mikono. Alikuwa na masharti matatu. Hakuna silaha kupokelewa bila kibali cha mwenyewe kuimiliki. Kila silaha iandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo. Na la tatu lilikuwa kinyume cha mazoea yetu yote ya karakana. Mashine ya kahawa ikiletwa, kwanza unaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ndipo unaitazama. Silaha, alisema, kwanza uitazame jinsi ilivyo, na uchafu wake wote, ndipo uiguse. Aliniambia uchafu una habari. Niliitikia, na nilidhani nimeelewa.

Bastola ya Bwana Ndosi ililetwa Jumatatu moja, msimu wa kahawa ukiwa katikati. Ndosi alikuwa mnunuzi, mtu mnene mwenye sauti ya chini, anayesalimia kila mtu hadi mwosha vyombo. Mzee hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe hospitali. Ndosi alitoa kibali chake, nikakisoma, akaniambia bastola imeanza kwenda kombo, inavuta upande. Hakusema zaidi. Alikuwa na haraka, nami nilikuwa na shafti ya mashine ya kusaga kwenye mashine ya kukereza, na mwenye shafti amesimama mlangoni akiniuliza kila dakika kama imekwisha. Ndosi alipoondoka niliifungua ile bastola, nikahakikisha vyumba vyote sita vya risasi ni vitupu, nikaichunguza kwa kioo cha kukuzia. Kasoro ilikuwa mdomoni. Pale mtutu unapoishia, kwenye ukingo wa ndani ambapo risasi inakiachia chuma, palikuwa na pengo, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kana kwamba kitu kigumu kilipigwa pale. Niliandika kwenye daftari: mdomo umeumia, upande wa kushoto, ndani.

Mzee aliporudi jioni alisoma daftari, akafurahi kwamba nimeliona mwenyewe. Alinieleza kwa kuniwekea kidole gumba kwenye mdomo wa chupa. Risasi inapotoka inasukumwa na hewa ya moto nyuma yake, na ukingo ukiwa mzima, hewa inatoka pande zote kwa pamoja. Ukingo ukiwa na pengo, inatoroka kwanza pale penye pengo, na risasi inapigwa teke ikiwa ndiyo kwanza inaanza safari. Kesho yake tulikwenda kwenye shimo la changarawe njia ya Mabogini, ambako alikuwa na kibali cha kujaribia. Alilenga karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa udongo, hatua kumi na tano. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga upande wa pili wa mfereji walinyooka wakasikiliza, kisha wakainama tena. Risasi zote zilikwenda kulia, karibu upana wa kiganja, na hazikukaa pamoja.

Kuutengeneza mdomo ule ilikuwa kazi ya kimya. Tuliufunga mtutu kwenye jiliwa, katikati ya vipande vya mbao, tukaziba ndani kwa kitambaa ili unga wa chuma usiingie. Mzee aliusawazisha uso wa mbele kwa tupa laini, hatua ndogo ndogo, akiacha kila mara kuupima kwa kigoniometa chake cha zamani cha kupimia pembe. Kisha akanipa mimi. Nilichukua skrubu ya shaba yenye kichwa cha mviringo, nikakipaka ile dawa ya kusagia valvu za magari, nikakiweka mdomoni na kukizungusha kwa mkono, nikiyumbisha mpini huku na huku ili kisile upande mmoja. Shaba ni laini, haidhuru chuma. Dawa ndiyo inayosaga. Nilizungusha, nikafuta, nikatazama, nikazungusha tena. Kufikia saa kumi ukingo ulikuwa duara moja jembamba linalong'aa, halina mwanzo wala mwisho. Sijui kama niliwahi kuona kitu kizuri kuliko kile kwa mikono yangu. Tulirudi shimoni, na safari hii risasi tano zilikaa katikati ya karatasi, ungezifunika kwa kikombe cha chai. Mzee alisema, "Beti, hii umefanya wewe." Beti kwao ni binti. Nilitembea kwenda Pasua jioni ile kama mtu aliyepewa cheo.

Siku tisa baadaye walikuja askari wawili wa upelelezi. Walitaka daftari. Walisoma maandishi yangu, wakauliza nani kaandika, nikasema mimi. Ndipo nikajua kilichotokea Jumamosi iliyotangulia ile Jumatatu. Kule Uru, kwenye kituo cha kununulia kahawa cha Ndosi, wakulima waligombana na wapimaji wake juu ya mizani. Kelele zikapanda, watu wakalizunguka gari, na Ndosi akatoa bastola akapiga mara moja. Risasi ilimpata Deogratias kwenye goti la kushoto. Ndosi mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye gari na kumkimbiza hospitali, na ndiye aliyeandikisha maelezo kwamba ni ajali, na siku ile hakuna askari aliyemnyang'anya bastola. Alisema alilenga shina la mgomba, kando kabisa na watu, ili kuwatisha tu, lakini bastola yake ilikuwa na kasoro ikavuta kulia, na kulia ndiko alikosimama Deogratias. Familia ya Deogratias ilikataa. Walisema alimlenga mtu, na kwamba alama ile mdomoni aliipiga mwenyewe Jumapili, kwa nyundo au jiwe, ili apate la kusema.

Mpelelezi mkubwa, mtu mpole aliyevua kofia alipoongea na Mzee, aliuliza swali moja ambalo limenikalia hadi leo. Alitaka kujua lile pengo lilikuwa na rangi gani. Mzee alielewa mara moja, mimi nilichelewa. Kama pengo lilikuwepo kabla ya Jumamosi, moshi wa risasi iliyompata Deogratias ungepita juu yake na kuliacha jeusi. Kama lilipigwa baadaye, lingekuwa jeupe, chuma kitupu kinachong'aa ndani ya weusi. Na aliyeliona kabla risasi zetu za shimoni hazijalitia moshi ni mtu mmoja tu duniani. Wote watatu wakanigeukia. Nilifungua mdomo kujibu, na nikagundua kwamba nina majibu mawili. Nililiona jeusi, wazi kabisa. Nililiona jeupe, wazi vilevile. Nikasema naomba nikumbuke kwanza. Mpelelezi akasema nisiwe na wasiwasi, mahakamani ni mbele kidogo.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri wala sikula vizuri, na watu walianza kuja. Ndeshi, dada yake Deogratias, alikuja chumbani kwangu Pasua siku ya Jumapili baada ya misa, na mkungu wa ndizi kichwani. Alikaa kitandani kwa kuwa sikuwa na kiti. Alinieleza kwamba kaka yake hawezi kukunja goti, kwamba anaogopa kwenda chooni mwenyewe, kwamba kazi yote ya migomba sasa ni yake yeye na mama yao. Hakuniomba niseme uongo. Aliniomba niseme nilichoona, lakini alilisema akinitazama kana kwamba kilichoonekana ni kimoja tu na mimi nakificha. Siku nyingine dereva wa Ndosi alipita karakana kuulizia boliti, na katikati ya maneno ya boliti akasema bosi wake hali wala hanywi, ana watoto wanne, na hajawahi kuua hata nyoka. Huyu naye hakuomba kitu. Wote wawili niliwaamini. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote: nikiwa na Ndeshi, pengo lilikuwa jeupe, dereva alipoondoka, lilikuwa jeusi. Ng'ambo ya ukuta wa jiko nilisikia Kipunjabi kikienda chini chini, na ndani yake neno polisi, neno msichana, na tena neno msichana.

Mzee hakunibana. Aliniambia tu niseme kilichomo kichwani, nisiongeze. Nilipomwambia kwamba kichwani mna viwili, alirudi kwenye kazi zake kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniita kwenye kile chumba cha mlango wa nondo. Juu ya meza alikuwa ameweka mitutu miwili ya zamani, ya bastola zisizotumika tena. Alikuwa ameipiga yote pengo mdomoni. Mmoja aliupiga ndipo akaufyatulia shimoni, mwingine aliufyatua kwanza ndipo akaupiga. Akasema nichukue mmoja baada ya mwingine, nitazame kama siku ile, huenda jicho likakumbuka lenyewe. Nilichukua wa kwanza, nikaushughulikia, nikauweka kwenye kioo. Nikachukua wa pili vivyo hivyo. Nilisikitika kumwambia kwamba sioni tofauti, yote miwili imefanana. Mzee aliisogeza mitutu karibu nami. Akauliza, "Umeona?" Nikamjibu tena kwamba sijaona tofauti. Akatikisa kichwa, akaikusanya mitutu yake, akanipa ruhusa nirudi kwenye shafti.

Mahakamani nilivaa gauni la kanisani. Deogratias alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mguu umenyooshwa kama ubao, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona. Nilikuwa nimemtengeneza kichwani mtu mkubwa mwenye hasira. Kumbe alikuwa kijana mwembamba, rika langu, anayeona haya kwamba mguu wake umeziba njia. Niliulizwa jina, elimu, kazi. Nilieleza habari ya mdomo wa mtutu, na hakimu alipendezwa, akaniuliza hata habari ya ile skrubu ya shaba. Kisha likaja swali. Nikasema, "Sikumbuki, mheshimiwa." Wakili wa Ndosi akauliza kwa namna nyingine, mwendesha mashtaka akauliza kwa namna ya tatu, nami nikajibu neno lile lile. Nilidhani nasema kweli. Ndosi alitiwa hatiani kwa uzembe katika kutumia silaha, si kwa kukusudia. Alinyang'anywa kibali, akaamriwa kumtibu Deogratias. Kwenye ngazi Ndeshi alinipita bila kunisalimia, halafu akarudi hatua mbili. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afadhali ungedanganya upande wowote. Tungejua wa kumchukia."

Juma lililofuata Ndosi alikuja karakana kushukuru. Alikuwa amekonda, shati limemzidi shingoni. Nilimwambia sikumsaidia, sikumbuki tu. Na kwa kuwa Mzee alikuwa mbali, nikamuuliza ana kwa ana kama alama ilikuwepo kabla. Alifikiri muda mrefu kuliko anavyofikiri mwongo, au labda hivyo ndivyo mwongo mzuri anavyofikiri, sijui. Alisema bastola ilimdondoka siku ile ile, ikagonga kwenye ngazi ya gari. Ila kama ni alipokuwa anaitoa au alipokuwa anairudisha, hakumbuki. Anakumbuka kelele, kisha anakumbuka yuko hospitali na damu ya mtu kwenye viatu vyake. Aliyoyasema mahakamani ni yale wakili wake aliyomsaidia kuyapanga. Akaondoka, na nikabaki nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Ilikuwa siku mbili tatu baadaye, katikati ya kazi, mashine ya kumenyea kahawa iko mbele yangu, matope na maganda yameganda juu yake. Nilinyoosha mkono kuchukua kioo na nikaona mkono wangu mwingine, wa kushoto, tayari una kitambaa cha mafuta ya taa na umekwisha kufuta. Sikuwa nimeuagiza. Nikakumbuka ile mitutu miwili ya Mzee, na jinsi nilivyosema imefanana. Bila shaka ilifanana, niliifuta. Niliifuta yote mbele ya macho yake kabla sijaitazama, na ndicho alichokuwa ananiuliza kama nimekiona. Na kama niliifuta ile, nikiwa nimetulia, nikijua ni jambo la mtu kwenda jela, basi Jumatatu ile, na shafti kwenye mashine na mtu mlangoni, nilifanya nini? Lile pengo jeusi na lile jeupe, yote mawili niliyatunga baadaye. Nilikaa kwenye kiroba cha mchanga. Mzee alikuja akasimama karibu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya mahakama. Alisema alifikiri nimejua na nimeamua kunyamaza, na hakutaka kuniamulia. Kila mmoja wetu alikuwa amemwelewa mwenzake vibaya, na kwa heshima kabisa.

Nilikaa na jambo hilo hadi Jumamosi. "Sikumbuki" ni neno la mtu aliyeona akasahau. Mimi sikuangalia. Ni maneno mawili tofauti, na la kwanza ndilo nililoapa nalo. Jumamosi nilipanda Uru kwa miguu kutoka barabarani, nikiulizia njia. Nilimkuta Deogratias jikoni, amekaa kwenye kigoda, mguu umelazwa juu ya gunia, anamenya ndizi za mtori pamoja na mama yake. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda bila kuuliza mimi ni nani. Ndeshi alikuwa shambani. Moshi ulikuwa mwingi, nikashukuru, maana macho yalikuwa yananitoka machozi kabla sijaanza. Nikasema yote. Kwamba sheria ya kazi ilikuwa kutazama kwanza, kwamba niliifuta kwanza, kwamba huenda nilikifuta chenyewe ambacho kingewaambia ukweli, na kwamba kwa kweli sijui hata kama kilikuwepo. Niliwaambia pia kwamba niko tayari kurudi kwa hakimu nikaseme hivyo.

Mama yake alimtazama mwanawe, akasema kitu kifupi kwa Kichagga, akaenda kupuliza moto. Deogratias aliendelea kumenya. Aliimaliza ile ndizi, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine, akaishika bila kuimenya.

"Wananiuliza kila siku mkono wake ulikuwa umeelekea wapi," alisema. "Ndeshi anauliza, polisi waliuliza, padri aliuliza. Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, wanadhani lazima niliona." Alikwangua utomvu kwenye kidole chake. "Sikuangalia. Nilikuwa natazama mshale wa mizani, naogopa watausogeza."

Nilimuuliza kama alimwambia hakimu hivyo. Alisema alimwambia hakimu kwamba alilengwa, kwa sababu wote waliokuwa nyuma yake ndivyo walivyosema. Baada ya muda mama yake alinipa kisu, nikavuta lile beseni karibu, nikaanza kumenya.